Herufi za Wodini

Kuna jambo moja ambalo fundi wa makochi hakulipatia jawabu wakati ule, na hajalipatia mpaka leo. Mke wake alikuwa muuguzi katika nchi ya mbali, mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna aliyejua Kiswahili hata cha salamu. Angeweza kusimama katikati ya barabara akataja siri za ukoo mzima kwa sauti ya juu, na wapita njia wangedhani anaimba. Hata hivyo, kila Jumapili alipopiga simu, wakishamaliza habari za afya na za mvua na za nyumba yao isiyoisha kujengwa, akifika tu kwa wagonjwa wake alishusha sauti, kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga. Na maneno yakageuka herufi. Huyu yuko kwenye hiki, yule kaandikiwa kile. Alikuwa anamficha nani?

Swali hilo Fundi alilipeleka kijiweni, yaani alilitoa ndani akaliweka mlangoni, kwa sababu kijiwe kilikuwa mbele ya karakana yake. Kilikuwa kijiwe cha fahari. Wengine wana benchi. Hapa palikuwa na kochi zima la watu watatu, ambalo mteja mmoja alilileta kubadilishwa kitambaa, akahama mtaa, akalisahau. Fundi alilitoa nje kwa muda tu, na huo muda ukaota mizizi. Pembeni lilikaa jiko na birika la kahawa. Kila asubuhi walikuwepo Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na karakana. Dalali wa nyumba za kupanga, aliyeanza kuongea kabla hajakaa. Na Bibi Dozi, mwenye duka la dawa la pale kona, ambaye hakukaa kabisa. Alikunywa kahawa amesimama, jicho moja kwenye kikombe, jingine kwenye mlango wa duka lake. Alikuwa shoga wa mke wa Fundi tangu usichana wao, hivyo alimwita Fundi shemeji, na akilitamka hilo neno lilikuwa na uzito wa cheo.

Jumatatu moja walimkuta Fundi amekaa ukingoni mwa kochi lake mwenyewe kama mgeni. Hawakuhitaji kuuliza, lakini Kinyozi aliuliza.

— Hakupiga?

— Hakupiga.

— Labda zamu zimebadilishwa.

— Zamu hubadilishwa kila mara, alisema Fundi. Na hupiga kila mara.

— Basi labda mtandao.

— Mtandao ulikuwa mzima. Nilijipigia mwenyewe kwa simu ya jirani kuhakikisha.

Kinyozi alimimina kahawa, akampa. Fundi alikipokea kikombe, asinywe.

Ukweli ni kwamba wote pale walijua kilichotokea Jumapili iliyotangulia, na wote walikuwa na sehemu yao ndani yake. Mke wa Fundi alipoondoka, walikubaliana atarudi nyumba ikifika kwenye linta, pale juu ya madirisha. Nyumba ikafika kwenye linta, wakasema basi ifike paa. Mkataba ukaisha, ukaongezwa. Mwanzoni walizungumza mpaka sikio la Fundi likapata joto. Halafu mazungumzo yakaanza kufupika, si kwa ugomvi, bali kama nguo inavyofupika kwa kufuliwa: hujui ni siku gani hasa. Fundi alifikiri akajiambia kwamba kosa ni lugha. Mke wake anaishi ndani ya herufi zile mchana na usiku, naye amesimama nje ya mlango. Akajifunze, aingie.

Kujifunza kukawa shida. Bibi Dozi alizijua herufi nyingi, maana alizisoma kila siku kwenye karatasi za madaktari, lakini kichwani mwa Fundi zilidondoka kama misumari kwenye mfuko uliotoboka. Akimwambia BD, kesho amesahau kama ni mara mbili kwa siku au mara tatu. Ndipo Bibi Dozi alipopata mbinu.

— Shemeji, alisema siku hiyo, herufi tupu hazikai. Zipe mtu wa kukaa naye.

Wakazigawa. BD, mara mbili kwa siku, akapewa Kinyozi, kwa sababu alikuja kijiweni asubuhi na jioni bila kukosa. TDS, mara tatu, ikapewa birika, lililojazwa mara tatu kwa siku. STAT, ambayo daktari huandika akitaka jambo lifanyike sasa hivi, akaichukua Bibi Dozi mwenyewe na hakuna aliyempinga. NPO, mgonjwa asipewe kitu chochote kwa mdomo, ikampata Dalali, kwa hoja kwamba mdomo wake ulihitaji kufungwa kwa maandishi ya daktari. Ikabaki PRN, inapohitajika tu.

— Hiyo ni wewe, Dalali alimwambia Fundi. Umekaa hapo mpaka uitwe.

Walicheka, na Fundi alicheka nao, lakini jioni alipofunga karakana neno hilo alikwenda nalo nyumbani.

Mbinu ilifanya kazi kupita walivyotarajia. Kijiwe kizima kikaanza kuongea kihospitali. Dalali aliwaambia wapangaji kwamba ukuta una edema, yaani uvimbe wa maji, kidogo lakini utakauka. Kinyozi akawa anamwangalia mteja utosini na kutaja alopesia, upara wa kihospitali, kwa sauti ya pole. Na Jumapili, mke wa Fundi aliposema mgonjwa fulani amepunguziwa dawa mpaka BD, Fundi alidakia, eti ahaa, asubuhi na jioni, na kule upande wa pili kukasikika kicheko kidogo cha mshangao ambacho Fundi aliishi nacho wiki nzima.

Halafu ikaja Jumapili ile. Mke wake alikuwa anamsimulia habari za bibi mmoja wa kitanda cha dirishani, bibi aliyezoea kumshika mkono na kumwita kwa jina la binti yake. Sauti ilikuwa imeshuka sana. Akasema, tangu jana tumemweka NPO. Na Fundi, kabla hajamwona bibi, alimwona Dalali. Alimwona amekaa kwenye kochi, mdomo umebandikwa plasta, macho yanazunguka. Akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha tumbo. Mke wake alingoja kiishe.

— Haya, mke wake alisema. Nenda ukapumzike.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho.

— Mimi naona hivi, alisema Dalali sasa, akajisogeza kwenye kochi. Kile kicheko kimeandikwa.

— Kimeandikwa wapi?

— Kwenye faili la yule bibi. Wale watu wanaandika kila kitu. Leo amekohoa, leo amekula, leo amechekwa kutoka nje ya nchi. Sasa shemeji yetu anahojiwa.

— Anahojiwa kwa kicheko cha mumewe?

— Kicheko bila ruhusa ya daktari.

— Wewe hujui hospitali za huko, alisema Kinyozi. Mimi nina mteja, ndugu yake yuko huko huko. Alikohoa karibu na ukuta. Kukohoa tu. Ukuta ukampa miadi.

— Ukuta?

— Ukuta. Jumanne saa nne. Ndiyo maana shemeji anashusha sauti. Mashine zao zinasikia lugha zote, hata ambazo hazijapelekwa.

— Ukuta wa namna hiyo mimi ningeupangisha peke yake, alisema Dalali.

— Anashusha sauti kwa sababu ni siri ya mgonjwa, alisema Bibi Dozi. Basi. Hata dukani kwangu mtu akitaja ugonjwa wake, nashusha sauti. Hata tukiwa wawili.

— Siri kwa nani, kama hawaelewi?

Bibi Dozi aligeukia mlango wa duka lake.

— Mimi nilishasema, Dalali aliendelea. Mtu akishusha sauti, kuna mtu kalala karibu.

Kikombe cha Kinyozi kilisimama njiani. Bibi Dozi alimtazama Dalali kwa muda, kama anayetafuta tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye chupa.

— Wodini, Dalali aliongeza. Nasema wodini. Wagonjwa si wanalala?

— Ulimaanisha hivyo, alisema Bibi Dozi.

— Nilimaanisha hivyo tangu mwanzo.

Wazo hilo halikuwa geni kwa Fundi. Lilishawahi kumtembelea, na aliliacha likae nje mpaka likachoka. Lililomuumiza lilikuwa dogo kuliko hilo. Kitambaa cha kochi hukatwa na watu wawili: mmoja anashika mkasi, mwingine anavuta ncha ya mbali ili mkato usipinde. Miaka yote ncha ile ilishikwa na mke wake, akitoka zamu, bado na viatu vyeupe vya kazi, akisinzia kidogo na kulalamika kidogo. Tangu aondoke, Fundi anaweka pasi ya chuma juu ya ncha. Pasi haiyumbi. Inashika vizuri kuliko mtu. Lakini katikati ya mkato bado huinua macho.

— Dawa ni moja, alisema Kinyozi. Uongeze masomo. Hivi viherufi ni vya shule ya awali. Jumapili akipiga, mpokee na neno zima.

— Neno gani?

— Takikadia. Moyo kwenda mbio. Unasema, mke wangu, tangu unyamaze nina takikadia.

— Ataniuliza mapigo mangapi.

— Unamwambia hujahesabu kwa sababu ya takikadia.

— Hapana, alisema Dalali, apande juu zaidi. Ajifunze majina ya mifupa. Mwanamke wa kihospitali ukimtajia mfupa wake mmoja mmoja, anakata tiketi.

— Wewe ulimtajia mkeo mifupa mingapi, mpaka akarudi kwao? aliuliza Bibi Dozi.

— Mimi tusinijadili. Mimi ni NPO.

Hapo pikapu iliegeshwa mbele yao, nusu juu ya ukingo wa barabara. Akateremka dereva, mwanamume wa makamo mwenye shati lililokunjwa mikono, akaamkia.

— Nimekuja kuchukua kochi la shangazi, alisema. La kijani.

— Lipo tayari, alisema Fundi. Karibu kahawa kwanza, halafu tulipakie.

Dereva alikaa mahali ambapo Fundi alikuwa amekaa, akapewa kikombe. Kijiwe hakiwezi kumwona mtu mpya akakaa hivi hivi bila kuingizwa kwenye kesi, kwa hiyo kabla kahawa haijapoa alishajua yote: mke, Jumapili, NPO, bibi wa dirishani, kicheko. Dalali alisimulia, Kinyozi akasahihisha, Bibi Dozi akawasahihisha wote wawili. Dereva alisikiliza, akitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyefika kwenye msiba wa watu asiowajua.

— Poleni, alisema. Halafu akamgeukia Fundi. Kabla sijasahau, kaka. Shangazi kaniambia nikuulize kitu, na ameniambia nisipakie mpaka nipate jibu. Anasema, pale kushoto umepaacha?

— Nimepaacha.

— Pako vile vile?

— Njoo uone.

Waliingia wote, maana hakuna aliyetaka kubaki nje. Kochi lilikuwa katikati ya karakana, la kijani iliyokolea, limevutwa kitambaa bila kunyanzi hata moja. Lakini upande wa kushoto palikuwa na bonde. Halikuwa kubwa. Ungeweza kupita usilione, mpaka mwanga wa mlangoni uingie kwa pembeni.

— Mume wake alikuwa anakaa hapo, alisema Fundi. Miaka mingi. Springi zilishachoka, sponji ilishakuwa unga, ilikuwa lazima vyote vitoke. Akaniambia, toa unavyotaka, ila bonde lake nalitaka. Nikamwambia, mama, bonde ni uchakavu, nikiweka sponji mpya linakufa. Akasema, basi tafuta njia.

— Ukafanyaje? aliuliza dereva.

— Nililowesha magazeti, nikayapanga pale tabaka juu ya tabaka, nikayakandamiza kwa viganja mpaka yakashika umbo. Nikayaacha yakauke. Yalipokauka nikayainua, yakatoka mazima, bonde lile lile limegeuka kilima. Halafu nikachonga sponji mpya kidogo kidogo nikifuata kilima kile, najaribu, natoa, nachonga tena. Sponji ngumu chini, laini juu, ili lisijae wala lisizame zaidi.

Dereva alishusha mkono wake, akaupitisha ndani ya bonde. Aliuacha pale.

— Ndiyo mjomba kabisa, alisema polepole. Alikuwa anaegemea upande wa dirisha.

— Ndiyo, alisema Fundi. Upande wa nje ni wa chini zaidi. Hata mimi niliona.

Kinyozi na Dalali walitazamana. Walikunywa kahawa mlangoni hapo wiki zote hizo, wakisikia nyundo na mkasi, na hawakujua ndani kunafanyika nini. Bibi Dozi alikuwa amesahau kuangalia mlango wa duka lake.

Dereva akanyanyua kichwa.

— Na mkeo alisemaje ulipomsimulia hili?

Halikuwa swali la kutega. Aliuliza kama mtu anavyouliza mtoto anasoma darasa la ngapi. Lakini Fundi alianza kupangusa kitambaa kisichokuwa na vumbi. Dalali, ambaye hajawahi kukosa jibu la swali aliloulizwa mtu mwingine, alikuna shingo. Kinyozi alitazama sakafu iliyojaa vipande vya sponji.

— Hakumsimulia, Bibi Dozi alisema hatimaye. Si ndiyo, shemeji?

— Sikumsimulia.

— Kwa nini?

Fundi alijaribu kukumbuka, na alichokikumbuka kilimshtua kwa uwazi wake. Kila Jumapili, kabla ya wagonjwa, kabla hajashusha sauti, mke wake alikuwa anauliza jambo moja: siku hizi unashona nini? Naye kila Jumapili alijibu kwamba kazi zipo tu, tunamshukuru Mungu, kisha akamharakisha, haya niambie ya wodini. Alikuwa na herufi zake mpya za kuonyesha. Na kweli, mtu anayeshinda na moyo na mapafu ya watu, utamwambia nini kuhusu sponji?

— Ananiuliza, alisema. Huniuliza kila mara. Mimi ndiye nisiyejibu.

Walisimama kidogo, watu wanne na dereva wa watu, wakilizunguka kochi.

— Basi apigiwe, alisema Kinyozi.

— Na nani? aliuliza Dalali. Mimi naweza kuanza, nikamlainisha, halafu Fundi akaingia kwenye...

— Wewe huanzi kitu, alisema Bibi Dozi. Sikilizeni. Atampigia mwenyewe, sasa hivi, huko ni saa za kutoka zamuni. Asitumie herufi hata moja. Aanze na yule bibi, aombe radhi ya kicheko. Halafu ajibu lile swali. Na sisi tunatoka.

— Kazi ya kupakia je? aliuliza dereva.

— Kochi linabaki hapo mpaka amalize. Atasimuliaje kitu kilichokwisha kwenda?

Likapitishwa hivyo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe hakuna aliyeongeza neno. Walitoka. Bibi Dozi akavuta mlango nusu.

Fundi alikaa kwenye kochi la kijani, upande wa kulia, akapiga. Hakuwa na desturi ya kupiga yeye; kidole chake kililitafuta jina kama kinalisoma upya. Simu iliita mpaka akafikiri itakatika.

— Kuna nini? ilisema sauti ya mke wake. Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa. Nimepiga tu.

Nyuma yake kulisikika magari ya huko, na hatua za mtu anayetembea.

— Yule bibi wa dirishani anaendeleaje? aliuliza Fundi.

Hatua zikasimama.

— Amefariki. Jumamosi. Nilikuwepo.

— Pole, alisema Fundi. Pole sana, mke wangu. Na nisamehe nilivyocheka. Sikumcheka yeye. Nilikuwa najifunza vibaya.

Fundi aliisikia pumzi yake, ndefu, ya mtu aliyesimama zamu nzima na sasa anatafuta pa kukaa. Halafu sauti ya kiti cha chuma, kama vile vya vituo vya basi, na mfuko ukiwekwa chini.

— Niambie kitu kingine, alisema. Chochote. Unashona nini siku hizi?

Fundi alilitazama bonde lililokuwa kando yake.

— Kuna mama mmoja aliniletea kochi la kijani, alianza. Akasema nitoe kila kitu, ila upande wa kushoto aliokuwa anakaa mumewe nimwachie ulivyo. Springi zimekufa, sponji imekuwa unga. Nikakaa siku nzima nalitazama. Halafu nikachukua magazeti, nikayalowesha, nika...

— Ngoja, alisema mke wake. Usiruke. Uliyalowesha kwa maji ya moto au ya baridi?

— Ya baridi, alisema Fundi. Ya moto yanayavunja.

— Haya. Endelea.